MCHIMBA KISIMA NA MGAWA ZAMU: MAFUNDI WAWILI WA TARAKILISHI

Mwaka huu nimeamua kuwaachia washairi kurasa zao, nami nilete mambo ya tarakilishi, yaani kompyuta kama tunavyoiita sote tukishatoka darasani. Msikunje uso. Nitajaribu kueleza kwa lugha ambayo hata asiyechukua somo hilo ataifahamu.

Ukiwauliza wanafunzi wa Kompyuta katika kidato cha tatu wanataka kuwa nani, karibu wote watakwambia, "Nitatengeneza apu." Mmoja anataka apu ya muziki, mwingine ya kuuza mbuzi, mwingine ya kuita boda boda. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema, "Mimi nataka kusimamia hifadhidata." Ilhali silabasi imeyaweka yote mawili: kidato cha pili tulisoma hifadhidata, na kidato cha tatu tunasoma misingi ya kuandika programu. Kumbe huko kazini hizi ni kazi mbili, zenye ujuzi tofauti. Nia yangu ni kuzilinganisha, kisha nieleze kwa nini sisi watu wa Garissa tunapaswa kuijua vizuri ile kazi isiyo na mashabiki.

KISIMA KIMOJA, WAKUBWA WAWILI

Nianze na mfano wa huku kwetu kaskazini. Kwa ndugu zetu Waborana wa Marsabit, Moyale na Isiolo, kisima kirefu kina wakubwa wawili. Wa kwanza ni konfi, yule aliyeanzisha uchimbaji wake. Wa pili ni abba herega, yule anayesimamia zamu za kunywesha mifugo. Konfi anahitaji nguvu, mpango na watu wa kumfuata. Abba herega anahitaji kukumbuka: ngamia wa nani walikunywa jana, ng'ombe wa nani wana zamu leo, na nani amekuja kutoka mbali na hana zamu kabisa.

Asipokuwepo mchimbaji, hakuna maji. Asipokuwepo mgawa zamu, maji yapo lakini na vita vipo.

Katika tarakilishi, mchimbaji ni msanidi wa programu. Huyu ndiye anayeandika maagizo yanayoifanya mashine itende kazi. Mgawa zamu ni msimamizi wa hifadhidata. Huyu hutunza kumbukumbu zote ambazo programu inazitumia: majina, namba, madeni, alama za mtihani, na kadhalika. Programu ndiyo unayoiona kwenye kioo cha simu. Hifadhidata huioni kamwe, hadi siku itakapokosea.

UJUZI WA MSANIDI

Kazi ya msanidi ni kulichukua jambo kubwa na kulivunja liwe hatua ndogondogo ambazo mashine inaweza kuzifuata. Mashine haina akili ya kukisia. Ukimtuma mdogo wako akuletee sukari na dukani hakuna, atarudi akwambie. Mashine usipoiambia la kufanya sukari ikikosekana, itasimama hapo hapo, au itakuletea chumvi na kusema kazi imekwisha.

Tuseme msanidi ameombwa atengeneze programu ya soko la mifugo la hapa Garissa. Muuzaji aandike idadi ya ng'ombe, bei, na jina la mnunuzi. Ni rahisi, sivyo? Ngoja kwanza. Mzee mwenye simu ndogo isiyo na intaneti ataitumiaje? Mtandao ukipotea katikati ya biashara, programu itahifadhi habari na kuituma baadaye, au itaisahau? Mtu akibonyeza mara mbili kwa haraka, ng'ombe watano watageuka kumi? Mtu akiandika bei ya shilingi sifuri, programu itakubali tu?

Basi msanidi anahitaji mambo manne. La kwanza ni lugha za programu kama Python au Java, na hizo hujifunzwa kama sisi tulivyojifunza Kiswahili, kwa kukosolewa kila siku. La pili ni mantiki, ndiyo maana mwalimu hutuchoresha chati mtiririko kabla hajaturuhusu kugusa kibodi. La tatu ni kumfahamu mtumiaji, maana programu nzuri isiyoeleweka na mzee wa sokoni ni kazi bure. La nne ni kuijaribu kazi yake mwenyewe kwa nia mbaya, kana kwamba yeye ni adui anayetaka kuiharibu. Kwa ufupi, swali la msanidi ni hili: "Itafanya nini?"

UJUZI WA MSIMAMIZI

Hapo zamani kazi hizi mbili zilikuwa zimeshikana. Mwandishi wa programu ilimlazimu kujua habari zimewekwa wapi hasa ndani ya mashine na zinafikiwa kwa njia gani. Zikihamishwa, programu yake inavunjika. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha makala akipendekeza habari ziwekwe katika majedwali, na kwamba anayeziomba aseme anachotaka tu, bila kujua zimelala wapi. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuyaulizia majedwali hayo, ambayo leo inaitwa SQL. Kutoka hapo msanidi aliweza kushughulikia maswali, na mtu mwingine akashughulikia ghala.

Hebu sasa tuone huyo wa ghala anahitaji kujua nini.

Kwanza, ni kumtofautisha mtu na mtu. Hapa kwetu jambo hili si mchezo. Tuseme shule ina akina Mohamed Abdi watatu. Mmoja ameandikwa Mohamed, mwingine Mohammed, na karani mwingine ameandika Muhamad. Ukitafuta tarehe ya kuzaliwa ikusaidie, utakuta wawili wameandikiwa tarehe 1 Januari, kwa sababu mama alikumbuka ni mwaka wa mvua gani lakini karani alitaka tarehe. Jina halitoshi, tarehe haitoshi. Ndiyo maana kila safu ya jedwali hupewa ufunguo wake, namba ambayo haipewi mwingine, kama namba yako ya usajili wa shule.

Pili, ni kupata kitu haraka. Kutafuta mtu mmoja kati ya mamilioni kwa kusoma mmoja mmoja ni kama kutafuta neno katika kamusi ambayo haikufuata alfabeti. Msimamizi hutengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu cha Biolojia. Lakini kila faharasa inakula nafasi, na inapunguza mwendo wa kuandika habari mpya, kwa sababu nayo inabidi ibadilishwe. Kwa hiyo anapima. Hawezi kuweka faharasa kwa kila kitu.

Tatu, ni ruhusa. Karani wa karo anaweza kusoma jina lako na salio lako. Je, aweze pia kubadilisha alama zako za Hisabati? La hasha! Msimamizi huamua nani asome, nani aandike na nani asiguse kabisa, na huacha alama inayoonesha nani alifanya nini na saa ngapi.

Nne, ni nakala rudufu, yaani kuwa na nakala ya kila kitu mahali pengine. Kuna duka moja la jumla hapa mjini, sitalitaja, ambalo liliweka madeni ya wateja wote katika kompyuta moja. Nakala walikuwa nayo, lakini ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile. Siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua pamoja na nakala yake. Mwenye duka akalazimika kuwazungukia wateja akiuliza kila mmoja anadaiwa ngapi. Majibu aliyopewa mnaweza kuyakisia wenyewe! Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Leo wangeongeza kwamba daftari bila nakala nalo huisha vivyo hivyo. Na nakala yenyewe haitoshi mpaka uijaribu kuirudisha kabla ya siku ya balaa.

Kwa hiyo swali la msimamizi si lile la msanidi. Yeye huuliza: "Ikikatika katikati, tutabaki na nini?"

WANAPOKUTANA NA WANAPOGOMBANA

Msifikiri hawa wawili wanaishi nchi tofauti. Chukua M-Pesa, ambayo Safaricom iliianzisha Machi 2007 na ambayo hata bibi zetu wanaitumia. Unamtumia shangazi aliyeko Mandera shilingi 1,000. Ndani ya mashine kuna mambo mawili: kutoa 1,000 kwako, na kuongeza 1,000 kwa shangazi. Stima ikipotea baada ya la kwanza na kabla ya la pili, pesa ziko wapi? Kwako hazipo, kwa shangazi hazijafika.

Dawa yake huitwa muamala. Mambo hayo mawili hufungwa pamoja, ama yafanyike yote ama lisifanyike hata moja. Yakikwama katikati, hifadhidata hurudi ilivyokuwa mwanzo, kana kwamba hukubonyeza kitu. Sasa angalieni ujuzi unavyoshikana. Msanidi ndiye anayejua kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja, kwa hiyo yeye huonesha muamala unaanzia wapi na unaishia wapi. Msimamizi ndiye anayehakikisha kwamba ghala linatimiza ahadi hiyo hata mashine ikizimika ghafla. Mmoja akisahau, kazi ya mwenzake haikuokoi.

Aidha, wote wawili wanapaswa kuijua SQL, ijapokuwa kila mmoja huitumia kwa namna yake. Msanidi huitumia kuuliza na kuandika: "nipe wanafunzi wote wa kidato cha tatu wenye salio." Msimamizi huitumia kujenga majedwali, kugawa ruhusa, na kuchunguza kwa nini swali fulani linachukua dakika nzima wakati lilipaswa kuchukua nukta moja.

Ugomvi nao haukosi. Msanidi anataka mabadiliko leo, kwa sababu watu wanamngoja. Msimamizi anasema subiri, kwanza tuchukue nakala. Msanidi humwona mwenzake mzito kama punda aliyechoka, naye msimamizi humwona mwenziwe kama dereva wa matatu. Lakini fikirini amri fupi ya kufuta. Ukiandika "futa mwanafunzi ambaye amehama," anaondoka mmoja. Ukisahau yale maneno ya mwisho ukaandika "futa mwanafunzi," wanaondoka wote, na mashine haikuulizi mara mbili. Programu mbovu inaweza kuandikwa upya wiki ijayo. Habari iliyofutika bila nakala haiandikwi upya. Hiyo ndiyo sababu ya uzito wa msimamizi, wala si uvivu.

VIDOLE KATIKA REJISTA MBILI

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Mimi nina miaka 16. Baada ya miaka miwili nitaenda kupigwa alama za vidole ili nipate kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Nanyi pia mtaenda. Vidole vyetu vitaingia katika hifadhidata.

Kambi za Dadaab, zilizo katika kaunti yetu, zilianza mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Ifo ilitangulia, kisha Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Miaka ya ukame ilipokuja na mifugo ikafa, Wakenya wengi waliokuwa wakiishi kandokando ya kambi waliingia humo. Ndani kulikuwa na unga, mafuta, zahanati na shule. Nje kulikuwa na mizoga ya ng'ombe. Wazazi wakaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate kula. Alama za vidole zikachukuliwa na kuwekwa katika hifadhidata ya wakimbizi.

Watoto wale walikua. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kipande, vidole vyao vikaonekana kule kwenye rejista ya wakimbizi, na maombi yakakataliwa. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 40,000 walinaswa hivyo katika sehemu hizi za kaskazini mashariki. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kupiga kura, na kila kizuizi cha barabarani kinakuwa mtihani. Mtu anakuwa mgeni katika mji aliozaliwa.

Tulitazame jambo hili kwa macho ya wale mafundi wawili. Programu iliyolinganisha vidole haikukosea. Ilisema ukweli mmoja: vidole hivi viko katika rejista mbili. Hifadhidata nayo haikukosea, ilitunza ilichopewa, bila kupoteza hata alama moja. Hapo ndipo penye funzo. Kila chombo kilitenda kazi yake, na bado mtu alidhulumika. Kuwa katika rejista mbili hakuoneshi ni rejista ipi inayosema kweli. Mashine iliona vidole, haikuuona mwaka wa njaa.

Je, ujuzi wa msanidi ungesaidia wapi? Msanidi mwema haachi milango miwili tu, wa "ndiyo" na wa "la." Huacha mlango wa tatu: "peleka kwa mtu achunguze." Aidha huandika programu ili mwombaji aambiwe sababu ya kukataliwa na mahali pa kulalamika, asirudishwe nyumbani na maneno "rudi mwezi ujao."

Na ujuzi wa msimamizi? Mtu wa haraka atasema, "Si wafute tu hayo majina kule kwa wakimbizi!" Polepole. Katika rejista ile ile kuna mama wa kweli aliyekimbia vita, na chakula chake kinategemea jina lake kuwepo. Ukifuta kwa pupa, unaweza kumkomboa Mkenya mmoja na kuilaza njaa familia moja ya Hagadera. Msimamizi anayejua kazi hurekebisha rekodi moja baada ya nyingine, akiandika ni nani aliyerekebisha, siku gani, na kwa ushahidi upi, ili kesho mtu mwingine asije akaligeuza jambo hilo kimyakimya.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuomba habari za uongo kumhusu zirekebishwe. Suala la waliosajiliwa mara mbili lilifikishwa katika Mahakama Kuu hapa Garissa. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada waliokuwa wakifanyiwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani. Hilo ni jema, lakini lilihusu kuhojiwa na kamati. Kidole kilichomo katika rejista mbili hakiondoki kwa tangazo. Huondoka pale mtu mwenye ujuzi na ruhusa anapokaa mbele ya mashine na kuirekebisha ile safu.

UTAJUAJE WEWE NI NANI?

Mwenzangu, ukitaka kujua unafaa kuwa yupi, jichunguze. Kama unapenda kuanzisha kitu kipya, kukijaribu, kukivunja na kukianza tena, na hujali kukosea mara kumi kwa siku, basi una damu ya msanidi. Kama wewe ndiye unayekumbuka nani katoa mchango wa chama na nani bado, hupendi daftari lenye makosa, na huondoki nyumbani bila kurudi kuhakikisha mlango umefungwa, basi usijione duni. Una damu ya msimamizi.

Lakini usichague mapema mno. Mradi wa somo la Kompyuta tunaoufanya kwa ajili ya KCSE unakulazimisha uwe wote wawili: utajenga majedwali, utaweka funguo, kisha utatengeneza kurasa za kuingizia habari. Wengi huharakisha kurasa zipendeze, na majedwali wanayapachika tu. Mimi nashauri kinyume. Anza na karatasi na kalamu. Andika vitu unavyotaka kuvitunza, uliza kila kimoja kitatambulikaje, na uliza kikiandikwa vibaya kitarekebishwa na nani. Hilo swali la mwisho si la mtihani tu.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kaskazini Mashariki inahitaji vijana wa kutengeneza programu za soko, za zahanati na za shule. Inahitaji pia vijana wa kukaa na rejista zetu, waziweke safi, wazilinde, na wajue kwamba nyuma ya kila safu kuna mtu anayengoja jibu. Ofisi zenye rejista hizo zipo, na viti vyake vitahitaji watu wa kuvikalia. Mimi nimeshachagua ninachokitaka, ingawa marafiki zangu wa apu wananicheka. Wacheke tu. Siku ya kwenda kupigwa vidole tutapanga foleni moja.